Msalimie Baba Pale Chemchemi

Walioanza nami wanajua tulipofika. Mke wangu kaondoka na masufuria yote isipokuwa lile linalovuja, kazi yangu inaning'inia kwenye uzi, na mimi nimebaki na mama, nyumba isiyo yangu, na neno moja nililomwambia afisa. Wanaojiunga leo hawajakosa furaha yoyote.

Neno lenyewe lilikuwa "baba".

Kwa ufupi tu, ili tusiachane njiani. Mimi ni fundi bomba wa bustani ya jiji, watu wananiita Koki. Kazi yangu ni ile chemchemi ya kumbukumbu iliyo katikati ya bustani: askari wanne wa zimamoto waliochongwa kwa jiwe, wameshika mpira mmoja wa maji, na maji hutoka kwenye mdomo wa mpira yakaangukia bwawani. Waliangukiwa na ukuta wa ghala lililokuwa likiungua, wote wanne, miezi michache kabla sijazaliwa. Yule wa mbele, aliyefumbua mdomo kama anayemkaripia mtu, ni kaka yake baba. Baba yangu mimi alikuwa fundi cherehani, mtu mpole asiye na makuu, naye ni marehemu zamani.

Kaka yake baba ni baba. Hilo halihitaji darasa. Tangu utotoni mama akinituma dukani alikuwa akiniambia, "Ukipita pale, msalimie baba." Nami nikifika nasema, "Shikamoo baba," jiwe linaninyamazia, naendelea na safari yangu. Mama mwenyewe hapiti pale. Huzungukia nyuma, kwenye vitalu vya miche, hata akiwa na mzigo kichwani. Anasema mlio wa maji unampa kizunguzungu.

Sasa jiji likaikabidhi bustani kwa kampuni. Watunzaji wa zamani wote nje, isipokuwa watoto wa mashujaa: kila familia ya wale wanne iliwekewa kazi moja na nyumba moja. Afisa alipokuja kuhakiki, alinyoosha kalamu kwa yule wa mbele akaniuliza, "Huyu ni nani kwako?"

Nikasema, "Ni baba."

Na hapa niseme bila kujipaka mafuta: nilijua anauliza nini. Alikuwa anamtaka baba mzazi. Mimi nikaliacha neno liende lilikotaka kwenda. Halikuwa uongo, nilijiambia, lilikuwa fupi tu.

Basi wiki hii neno limerudi nyumbani.

Asubuhi ya sherehe ya kuifungua upya chemchemi, afisa alinitumia mtu niende haraka. Nikaenda mbio na ufunguo wangu wa koki begani, nikidhani bomba limepasuka. Nikakuta viti vimepangwa, wapiga tarumbeta wanajaribu vyombo vyao, na mbele ya bwawa amesimama afisa pamoja na dada.

Dada ni binti wa baba mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya watoto wa wenye nazo. Nilipokuwa mdogo ndiye aliyenifunga kamba za viatu na kunipigania shuleni. Nilifurahi kumwona. Nilidhani amekuja kunitetea.

"Koki, huyu mheshimiwa unamfahamu?" afisa akauliza.

"Huyu ni dada."

"Dada wa kuzaliwa?"

"Dada," nikasema.

"Baba mmoja, mama mmoja?"

Dada hakuniangalia. Alikuwa anatazama bwawani kama aliyedondosha kitu.

"Mheshimiwa anasema baba yake alizaa mtoto mmoja tu," afisa akaendelea, "na mtoto huyo ni yeye. Kwa hiyo wewe umetoka wapi?"

"Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Huyu wa jiwe ni baba mkubwa."

"Uliniambia ni baba."

"Na wewe kaka wa baba yako unamwitaje?"

"Baba mkubwa."

"Ukiwa mbele yake unasema, 'Baba mkubwa, naomba kiti'? Au unasema, 'Baba, naomba kiti'?"

Mpiga tarumbeta mmoja akacheka puani. Afisa akamkata jicho, kisha akanigeukia mimi.

"Jiji halina baba mkubwa. Lina baba, basi. Umetoa taarifa ya uongo ili upate nyumba, na hilo ni la polisi."

Polisi, na mama yuko peke yake ndani, amebakiwa na sufuria linalovuja. Nikamtazama dada. Dada akamwomba afisa atupe nafasi kidogo, akanishika mkono akanivuta hadi upande wa pili wa bwawa, penye kivuli cha yule askari wa nyuma.

"Mdogo wangu, nani alikutuma useme vile?"

"Hakuna aliyenituma. Mama ataenda wapi?"

"Mama ndiye aliyekuambia?"

"Mama hajui lolote. Anajua nimepita kwenye uhakiki, basi."

"Hajakuambia kitu chochote?"

"Aniambie nini?"

Dada akashusha pumzi ndefu. Nilidhani ananionea huruma. Mjinga hujipa moyo kwa vitu vidogo sana.

"Dada, wewe nyumba hii unaitaka?"

"Ile nyumba? Paa lake linaonyesha nyota. Sitaki nyumba, mdogo wangu. Namtaka baba yangu. Amekufa sijui hata kuandika. Nimebakiwa na hili jiwe, na jiwe lenyewe umekuja tugawane."

Nikaona haya kweli. Nilimwomba msamaha, na niliuomba kwa moyo. Nikamwambia sikutaka kumnyang'anya kitu, nilitaka tu mama apate pa kulala.

"Basi tufanye hivi," akasema, sauti ikiwa ile ile ya zamani, ya kunifunga kamba za viatu. "Simama hapo mbele ya watu ukane. Nikishasikia, polisi hawaji. Na mama atabaki kwenye nyumba, nitazungumza na afisa mwenyewe. Mama yako si mama yangu?"

"Ni mama yako."

"Basi."

Nikapanda kwenye ukingo wa bwawa. Wafagiaji wakaacha mifagio, wapanga viti wakaketi kwenye viti walivyopanga, wapiga tarumbeta wakashusha vyombo. Nimefanya kazi na watu wale miaka na miaka. Nusu yao nimewazibulia masinki makwao.

"Ndugu zangu," nikasema, "kulikuwa na kutoelewana. Huyu wa mbele si baba mzazi wangu. Ni baba mkubwa."

Nikaanza kushuka.

"Bado," dada akasema.

"Bado nini?"

"Sema, 'Huyu si baba yangu.'"

"Si nimesema?"

"Umesema si mzazi. Sijasikia ukisema si baba yako."

"Dada, si ni kitu kile kile?"

"Kama ni kile kile, mbona kinakushinda?"

Hapo nilipaswa kushtuka. Mtu mzima, mwalimu mkuu, anagombania neno kama mtoto anayegombania kipande cha chaki. Lakini kichwani mwangu mlikuwa na polisi na mama, pengine pote pameshajaa.

Nikamgeukia yule wa mbele. Mimi ndiye ninayemjua kuliko wote pale. Nimemsugua ukungu wa kijani kwa brashi, na masikioni kwa mswaki, hasa sikio la kushoto, ambalo limejikunja juu kama ukurasa wa daftari la mtoto mvivu. Langu mimi limejikunja hivyo hivyo. Sikio la ukoo, nilikuwa nikiwaambia watu, na nilikuwa nikilionea fahari.

Dada naye alikuwa anatazama sikio langu. Tulipogongana macho akainamisha uso.

"Huyu si baba yangu," nikasema.

"Kwa sauti," afisa akadakia. "Wa nyuma hawajasikia."

"Huyu si baba yangu."

Nilihisi ulimi mzito, kama nimetukana mbele ya wakwe. Nikajiambia ni kiburi tu kinachouma, kitapoa.

Afisa akanyoosha mkono. "Ufunguo wa koki."

Nikampa. Ni chuma kirefu chenye mkono wa msalaba, kimelainika pale ninaposhika. Akaupokea kwa vidole viwili kama kitu cha jalalani, akamkabidhi dada. "Mheshimiwa, wewe ndiye utakayefungua maji. Na wewe, Koki, nyumba iwe tupu kesho asubuhi. Watu wa kampuni wanaingia."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Dada, na lile tulilozungumza?"

"Tumezungumza mengi."

"La mama."

Akarekebisha mtandio wake. "Si wakati wake huu, mdogo wangu. Wageni wanafika." Akaenda kuketi kwenye kiti cha mbele, ufunguo wangu mapajani.

Nimeshawahi kuibiwa, nimeshawahi kuachwa, na wiki zilizopita mmenisikia nikilia juu ya yote hayo. Lakini hii ya kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtu aliyekufunga viatu ina uchungu wake wa peke yake. Nilipita katikati ya viti nikielekea nyumbani na watu wakanipisha, kama mtu anayepishwa akitoka kuzika.

Nyumba yetu iko pembeni mwa bustani, nyuma ya miche. Mama alikuwa ameketi dirishani karibu na cherehani ya marehemu baba, anashona kifungo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuinua kichwa mpaka nilipofika kwenye kukana.

"Ulisemaje?"

"Nilisema si baba mzazi."

"Halafu?"

"Halafu dada akataka niseme si baba yangu. Nikasema."

"Ulisema maneno hayo? Si baba yangu?"

"Mara mbili. Mara ya pili kwa sauti."

"Ukimnyooshea kidole yule wa mbele?"

"Mama, yule wa mbele ndiye baba mkubwa. Ningemnyooshea nani?"

Mama akaweka sindano chini. Akacheka, kicheko kifupi kibaya ambacho sijawahi kumsikia nacho.

"Mtoto wa mama yake," akasema. "Kaa."

"Mama, tuna vitu vya kufungasha."

"Kaa, nimesema."

Nikakaa.

"Baba yako, huyu mwenye cherehani, alikuwa na masikio gani?"

"Masikio ya kawaida."

"Yote mawili?"

"Yote mawili." Nikajishika langu la kushoto bila kukusudia. "Mama, hili ni sikio la ukoo."

"Ukoo gani? Babu yako hakuwa nalo. Shangazi zako hawana. Analo yule wa chemchemi, analo dada yako chini ya mtandio wake, na unalo wewe."

Nikamsikia, lakini sikumwelewa. Au nilimwelewa na nikakataa kuketi na hilo jambo chumba kimoja.

"Nilikuwa nashona vifungo hapa hapa mjini, kwenye duka la baba yako," mama akasema. "Tulikuwa hatujaoana bado. Kaka yake alikuwa analeta sare ya zimamoto, kifungo kimeng'oka. Juma lijalo analeta tena, kifungo kingine. Baadaye nikagundua anaving'oa mwenyewe ili apate sababu ya kurudi."

"Alikuwa na mke."

"Alikuwa na mke na binti. Sijasema nilikuwa malaika."

Nje huko wapiga tarumbeta walianza. Mama akangoja kidogo kama anayengoja gari lipite.

"Ukuta ukawaangukia. Mimi nikabaki na wewe tumboni na siwezi hata kulia mbele za watu, nalia kama nani? Baba yako akanikuta nimekumbatia sare yenye kifungo kilichoshonwa nusu. Hakuuliza. Akasema, 'Mtoto atakuwa wangu, na jina la kaka halitachafuka. Ila usiseme kamwe.' Nikamwambia nami nina sharti langu moja. Mtoto atamsalimia baba yake."

"Akakubali?"

"Akakubali. Na hakunisuta hata siku moja mpaka anakufa."

Maisha yangu yote nilikuwa natumwa dukani, kumbe natumwa kwa baba.

"Mama, hukuniambia."

"Nilikuambia kila siku."

"Uliniambia nimsalimie! Kila mtu humsalimia baba mkubwa!"

"Ulishawahi kunisikia mimi nikisema 'baba mkubwa'?"

Nikatafuta kichwani. Nikatafuta tena. Hakuna mahali.

Nilimkasirikia, na ninaiandika hapa nikiwa bado nimemkasirikia. Nimemsugua mtu yule masikio kwa mswaki nikipiga mluzi, nikimtania kwamba hanywi maji yake mwenyewe. Ningejua ningesugua taratibu zaidi. Ningemwambia mambo yangu. Mke wangu aliponikimbia ningekwenda kuketi pale nikamwambia, badala ya kuja kuwaambia ninyi.

"Na dada anajua?" nikauliza.

"Mama yake alimwambia kabla hajafa. Dada yako alikuja hapa juzi ukiwa kazini. Akapiga magoti hapo hapo ulipokaa, akaniomba nife nalo. Akasema mama yake aliteseka vya kutosha. Nikamwonea huruma, maana ni kweli. Nikamwambia nitakufa nalo. Sikujua kwamba akitoka hapa anakwenda kukuchimbia shimo wewe."

Kumbe ndiyo maana alikuwa akiulizauliza kama mama kaniambia kitu. Ndiyo maana "mzazi" halikumtosha. Alitaka nimkane kwa neno lile lile ambalo mama alinifundishia.

Na kichekesho chenyewe ndicho hiki, chekeni mkiweza. Siku niliyodhani namdanganya afisa, nilikuwa nasema kweli. Leo nimesimama mbele ya watu wote nikidhani nasafisha uongo wangu, kumbe ndipo nilipodanganya.

Kipaza sauti kikalia kule bustanini, halafu ikaja sauti ya dada, nzuri, ya ualimu. "Baba yangu hakuacha mali. Aliacha mtoto mmoja, na heshima yake." Watu wakapiga makofi. Kisha nikasikia maji yakipanda kwa kishindo. Amefungua koki kwa pupa, nikawaza, kama vile bado inanihusu.

Mama alikuwa ameshasimama. Anatafuta viatu chini ya meza.

"Unakwenda wapi?"

"Nipe mtandio wangu."

"Mama, ngoja, nitakwenda mimi. Nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

Wiki iliyopita nilisema ni baba. Asubuhi nimesema si baba. Nirudi mchana niseme ni baba tena? Afisa angeita polisi kabla sijamaliza sentensi, na hata mimi ningekuwa afisa ningewaita.

"Umeona?" mama akasema. "Wewe maneno yako umeshayatumia yote. Mimi sijasema hata moja."

"Watakuita majina mabaya. Mume wa mtu, mama, na kwa umri huu. Dada ataaibika mbele ya shule nzima. Na marehemu baba utamvunjia ahadi yake."

"Marehemu baba yupi?"

Akachukua mtandio mwenyewe, akauvaa mbele ya kioo kidogo cha ukutani, akaukaza chini ya kidevu. Kisha akaja mlangoni. Huwa akitoka anakata kushoto, kwenye miche. Safari hii uso wake ulikuwa umeelekea moja kwa moja kulikokuwa na mlio wa maji.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya mlango.

"Nipishe," akasema. "Nikamsalimie baba yako."

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo, na sikujua kama nafungua au nafunga.